Kidole Gumba cha Wifi Yake

Katika mtihani wa sheria na maadili ya uuguzi nilishika nafasi ya kwanza. Nalisema hili mapema kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kulisema, na kwa sababu wiki tatu tu baada ya mtihani huo nilivunja, kwa saini moja, karibu kila nililoliandika kwa hati nzuri na kulipigia mstari kwa rula.

Mapinduzi yalikuwa yamepita miaka michache. Manesi wengi wazoefu walikuwa wameondoka, na sisi wanafunzi wa mwaka wa pili tukakabidhiwa kazi ambazo zamani mtu alizipata akishaota mvi. Tuliona fahari kubwa. Tulitembea mjini na magauni yetu ya mistari kama watu waliokuwa wakiushikilia mji mzima usianguke.

Somo la sheria alitufundisha metroni mwenyewe, mkuu wa manesi wote, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo Unguja nzima imelala. Alikuwa mwanamke mfupi mnene mwenye asili ya bara, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na alizijua saa za sala zetu kuliko sisi tuliotakiwa kuzisali. Alisema polepole, akigonga meza kwa penseli kila alipoona kichwa kinainama. Usiandike usichokifanya. Usitie saini ya ushahidi kwa usichokiona. Mgonjwa ni mwenye mwili wake, na hakuna anayeugusa kwa kisu bila ya yeye mwenyewe kuelezwa na kukubali. Tuliandika, tukapiga miayo, tukaandika tena.

Lile la kutunza siri za wagonjwa ndilo tulilodhani litatushinda. Kwetu ni Mji Mkongwe, ambako ukipiga chafya chumbani kwako jirani wa dirisha la pili anakuombea rehema. Nikirudi nyumbani siku za mapumziko, mabibi wa mtaani walinivizia mlangoni. "Fulani anaendeleaje?" Mimi hujibu kama nilivyofundishwa, "Anaendelea vizuri." Hawakuyasikiliza maneno, waliutazama uso. Nikijibu upesi, mgonjwa mzima. Nikimeza mate kwanza, wanakwenda kutafuta sanda. Basi nguvu zangu zote za maadili nilizielekeza kwenye kuufunza uso wangu, na nilipopatikana, nilipatikana kwingine kabisa.

Kwenye kitanda cha saba katika wodi ya upasuaji ya wanawake alilala dada mmoja wa kijiji cha Kidichi, mwenye umri wa kama miaka thelathini. Yeye na mumewe walilima shamba lao la ekari tatu, mihogo chini, mikarafuu juu. Alizaa mara moja, mtoto akafariki kabla hajaota meno, na tangu hapo ilikuwa imepita miaka minane. Tumbo lake lilikuwa limevimba kiasi kwamba majirani walikwishampongeza mara mbili, na mara zote mbili, alinieleza mwenyewe huku akicheka, alipokea pongezi kwa sababu aliona taabu kuwavunja moyo. Haukuwa ujauzito. Ulikuwa uvimbe, na damu ilimtoka kila mwezi mpaka midomo yake ikawa myeupe. Alikuja kwetu kuongezewa damu, na daktari akapanga kumpasua siku ya Alhamisi asubuhi.

Nilimpenda. Hakuwa mtu wa kulalamika, na alikuwa na tabia ya kunitania kwa upole uleule ambao mama yangu alinitania nao. Nikimchoma sindano hujifanya amelala, halafu hufumbua jicho moja na kuuliza, "Ushamaliza, au ndo unatafuta pa kuanzia?"

Jumatano alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, akaja wifi yake.

Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mama wa makamo aliyekaa mtaa wa Ng'ambo, fundi wa kupaka hina aliyejulikana na kila nyumba yenye binti wa kuolewa. Alikuwa na sauti iliyofika wodini kabla yake, na moyo mkubwa kama sauti hiyo. Hakuna siku aliyokuja mikono mitupu. Siku hiyo alikuja na mkate wa kumimina, kanga mpya, na kibakuli kilichofunikwa kwa kitambaa.

Sista wa wodi alikuwa ameitwa upande wa pili, akaniachia zamu kwa nusu saa na faili la kitanda cha saba. "Fomu ya ridhaa haijatiwa kidole," alinambia. "Mumewe keshatia saini yake asubuhi kwa daktari, kimebaki cha mgonjwa. Karani anafunga saa kumi na moja. Mweleze, atie, upeleke."

Nilifika kitandani na fomu, kalamu na kikopo cha wino wa mihuri, nikamkuta mgonjwa wangu amekaa, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi kwenye vifundo.

"Kafanyaje?" nikaropoka.

"Hina, mwanangu," alisema wifi. "Kwani kwenu hamjui hina?"

"Lakini kesho anapasuliwa!"

"Ndo maana. Ntamwachaje aingie huko mikono mitupu, kama kizuka? Mumewe yu hai, alhamdulillahi. Hajawa mjane hata akae bila ya hina."

Na zile bendeji zilikuwa zetu. Alizichukua kwenye toroli langu. Enzi hizo bendeji tulizifua, tukazianika juani na kuzikunja upya, na kila moja ilihesabiwa kuliko watoto wa mfalme. Nilipaswa kukasirika. Badala yake nilifungua ncha moja nichungulie, nikaona maua yamepangwa kiganjani kwa ufundi wa ajabu, nikajisikia nikiuliza, "Umechanganya na nini, Bi Mkubwa, ikawa na rangi hii?"

"Ndimu na chai ya rangi. Usimwambie mtu."

Hiyo siri niliitunza mpaka leo, maana nayo ilikuwa siri ya mtu niliyoisikia kazini.

Kisha nikakumbuka fomu. Mgonjwa aliinua mikono yake miwili iliyofungwa, akanionyesha kama mpiganaji wa ngumi. Hina ilitaka ikae hadi Magharibi. Karani alikuwa hangoji Magharibi. Nilisimama pale na kikopo changu cha wino, na wifi akanitazama kwa huruma.

"Kinatakiwa kidole cha nani?"

"Cha mgonjwa, Bi Mkubwa."

"Mgonjwa ni nani? Si mke wa ndugu yangu? Akiumwa yeye mie nalala? Lete, tia changu." Akamgeukia. "Au vipi, wifi?"

Mgonjwa akacheka. "Tia tu, wifi. Kidole ni kidole."

Wifi alichovya kidole chake gumba kwenye wino, akakibandika pale nilipomwonyesha, akakizungusha kidogo kama anayejua kazi, kisha akakifuta kwenye ukingo wa shuka la serikali. Nami nikachukua kalamu. Fomu zetu zilikuwa bado zile za Kiingereza zilizobaki tangu serikali iliyopita, na chini kabisa palikuwa na sentensi ya shahidi, kwamba mimi niliyetia saini hapa nimemweleza mgonjwa aina ya upasuaji, ameelewa, na nimemwona akitia alama yake kwa hiari. Nikatia saini. Niliitia vizuri sana, na mkia wa herufi ya mwisho nikaupindisha. Juu yake, mahali daktari alipoandika ni upasuaji gani, sikupatazama. Nilikuwa natazama saa.

Wakati wa kutoka, wifi alinishika mkono mlangoni, akashusha sauti yake hadi ikawa ya kiasi cha watu wengine. "Mwanangu, msimweleze mengi. Ana roho ndogo yule." Nikadhani anazungumzia damu na visu. Nikamwitikia kwa kichwa, nikijiona nesi mwenye busara.

Asubuhi ya Alhamisi niliingia zamu mapema kumtayarisha. Nilimfungua bendeji, hina ikadondoka mapande, na ikabaki mikono ambayo bibi harusi yeyote angeitolea pete. Ndipo nikaziona kucha. Zote kumi nyekundu. Mtu wa dawa ya usingizi huzitazama kucha za mgonjwa wakati wote wa upasuaji, maana zikigeuka buluu ndipo anapojua kwamba pumzi haifiki. Nikachukua pamba na spiriti nikaanza kusugua. Mtoto yeyote aliyezaliwa Unguja anajua kwamba hina haitoki, nami nimezaliwa Unguja, lakini nilisugua.

"Utanng'oa kucha, mdogo wangu," alisema mgonjwa, akicheka. Kisha akashusha sauti. "Hebu nikuulize. Akishantoa hilo donge, nkae miezi mingapi ndo nshike mimba? Mume wangu anataka kujua, kaona haya kumuuliza daktari."

Mkono wangu ulisimama juu ya kucha yake. Nikamwambia nitakwenda kumuulizia.

Nilikwenda mezani, nikafungua faili, nikaisoma fomu niliyoshuhudia. Daktari alikuwa mgeni kutoka mbali, na kwa kujua kwamba mwandiko wake una matatizo aliandika kwa herufi kubwa. Kuondoa kizazi. Niliisoma mara nne. Nilikuwa msichana aliyejivunia Kiingereza chake, na hiyo ndiyo asubuhi pekee maishani mwangu niliyoomba Kiingereza changu kiwe kibovu.

Mwenzangu mmoja wa darasa letu alikuwa akikunja mashuka stoo. Nilimvuta pembeni nikamweleza. Alifikiri kidogo, kisha akasema maneno ambayo kwa kweli yalikuwa na akili. Mumewe amekubali. Daktari anajua anachokifanya. Dada yule asipopasuliwa, damu itammaliza mwaka huu huu. "Sasa wewe ukenda kusema, utapata nini zaidi ya kufukuzwa? Atapona, atashukuru. Nyamaza."

Nilikaa juu ya mzigo wa mashuka. Baba yangu alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda karibu na Darajani, na magauni yangu yote ya kazi aliyashona mwenyewe, akiwaambia wateja kwamba anamshonea daktari. Hakusema nesi. Nilimwona akilini akiyapokea magauni yale mkononi, yamekunjwa, na mimi nimesimama nyuma yake. Niliogopa. Na napenda niseme ukweli hapa, kwa kuwa nimeukawiza vya kutosha: sikuwa naogopa kwa ajili ya mgonjwa. Nilikuwa naogopa kwa ajili yangu. Katika mtihani hakukuwa na swali juu ya hilo.

Kutoka kitanda cha saba sauti ikaita, ya mtu asiye na wasiwasi wowote, "Nesi! Ushauliza?"

Sikuweza kuikalia sauti ile. Niliondoka na faili mkononi.

Metroni alikuwa ofisini kwake anakunywa chai na boflo. Nilimweleza yote nimesimama, bila ya kupumua, hina, bendeji, wino, karani, na swali la mimba. Aliendelea kutafuna mpaka nilipokwisha. Kisha akaivuta fomu, akaweka kidole chake kando ya ile alama ya wino.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha wifi yake."

"Wifi yake anaumwa tumbo?"

"Hapana, Metroni."

"Basi tuandae kitanda, tumtoe kizazi wifi yake. Ndiye aliyekubali."

Nikacheka. Ilikuwa woga, lakini nilicheka, na alivyonitazama kicheko kikageuka kilio papo hapo, kilio kibaya cha kamasi. Aliningoja. Halafu akanipa kalamu yake.

"Piga mstari mmoja juu ya maneno yako. Mmoja tu, yasomeke. Kando andika alama hii ni ya nani, na kwamba hukumweleza mgonjwa kitu. Tia saini na saa."

Niliuliza, kwa ujinga wa kukata tamaa, kama haingekuwa bora tuchukue fomu mpya, safi.

"Karatasi isiwe safi kuliko wewe," alisema, akasimama, akapangusa makombo ya mkate kifuani.

Tulimkuta daktari amekwishavaa kofia ya upasuaji. Alijifunza Kiswahili kwa juhudi, akakizungumza kila neno peke yake kama anayepanga sahani. "Mume, amekubali," alisema. "Dada ya mume, amekubali. Mimi, nimewaambia, wao, wamwambie."

"Amebaki mwenye tumbo," alisema Metroni.

Daktari alivua kofia, akasema, "Twende."

Nilidhani wataeleza wao. Metroni alivuta kiti, akanikalisha mimi kando ya kitanda, na wao wawili wakasimama nyuma yangu. "Uliandika umemweleza," alinambia. "Basi mweleze."

Nilimweleza. Kwamba uvimbe si donge moja, ni mengi, na yameshika kizazi chenyewe. Kwamba damu inatoka hapo, na isipozuiwa itamuua. Kwamba daktari amepanga kukitoa kizazi chote. Kwamba akishakitoa, hatopata siku zake tena, wala mimba. Nililisema neno hilo la mwisho nikitazama shuka, na nyuma yangu Metroni akagonga kiti kwa kidole, nikainua macho nikalisema tena nikimtazama yeye.

Dada wa Kidichi hakulia. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Nani anayajua haya?"

"Mumeo," nilisema. "Na wifi yako."

"Jana alipokuwa akinpaka, alikuwa anajua?"

"Naam."

Aliifunika mikono yake kwa shuka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nendeni. Leo sipasuliwi."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaenda. Nafasi ya dada yule alipewa bibi mmoja mwenye mshipa wa ngiri aliyekuwa akingoja wiki mbili, na ndiye mtu pekee aliyefurahi hospitalini siku ile.

Alasiri wifi alirudi, na alipolisikia lililotokea wodi nzima ilisikia. "Nani kamwambia? Nani? Nilisema asiambiwe!" Niliposogea akanielekezea kidole, kilekile. "Weye! Na nikakupa siri ya hina yangu! Mnaua watu kwa midomo nyie!" Kisha akaketi kwenye sakafu, pale kando ya kitanda, akalia. Alimpenda wifi yake. Alijua kwamba akiambiwa huenda akakataa, na akikataa watamzika. Alichagua kumdanganya awe hai, akampaka hina kwa mikono yake kwa sababu hakuwa na jingine la kumpa. Sikuweza kumchukia wakati ule, na siwezi sasa. Lakini mgonjwa aligeukia ukutani, na mkate wa kumimina ulioletwa siku hiyo akaurudisha.

Ijumaa, bila ya kuchelewa, wifi alipita Darajani, akasimama mbele ya cherehani cha baba yangu na kumweleza binti yake ni mtu wa namna gani. Baba alinipelekea salamu niende kibandani kwake. Nilimkuta amezima mashine, jambo alilolifanya kwa adhana tu.

"Ulitia saini kitu hukukiona?"

"Nlitia, baba."

"Mie kitambaa cha mtu sikikati mpaka asimame hapa mbele nimpime. Hata kama ndugu yake ananiapia kwamba miili yao sawa." Akalichezesha gurudumu kwa mkono, polepole. "Na kisha ukenda kusema mwenyewe?"

"Nlikwenda."

Akawasha mashine. Kwa mwezi mzima baada ya hapo aliwaambia wateja kwamba anamshonea msaidizi wa nesi.

Adhabu yangu ilikuja kwa taratibu zake. Mwezi mmoja wa kuosha vyombo vya choo, na mtihani wa sheria nirudie. Metroni alilichukua daftari lake la alama mbele ya darasa zima, akaipigia mstari nafasi yangu ya kwanza, mstari mmoja, isomeke, akatia saini na saa. Wenzangu waliona jambo la kuchekesha sana. Walinitania kwa vidole gumba mpaka tulipomaliza masomo, na yule mwenzangu wa stoo ya mashuka ndiye aliyekuwa mbele yao.

Lakini kabla ya kunipeleka kwenye vyombo, Metroni alinambia jambo moja mlangoni. "Kitanda cha saba utaendelea nacho. Mambo ya daktari ataeleza daktari. Ila akikuuliza wewe, usimdanganye. Hata kidogo, hata kwa kumhurumia."

Mumewe alikuja siku hiyo ya Ijumaa baada ya sala, kofia mkononi, mtu mwembamba aliyekaa kwenye ncha ya kiti kama aliyekopeshwa. Niliwawekea pazia. Nakiri kwamba nilipanga chupa za dawa karibu na pazia hilo kwa muda mrefu kuliko chupa zilivyohitaji, na sikusikia kitu. Walizungumza kwa sauti ya chini. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na alinipa shikamoo mimi, msichana wa miaka ishirini.

Jumapili asubuhi dada wa Kidichi akaniita. "Leta ile karatasi. Nsomee yote, kwa Kiswahili, usiruke."

Nilimsomea mara mbili. Maneno mengine sikuyajua, nikakimbia kwa daktari kuyauliza, nikarudi. Alitaka kitu kiongezwe: wakifungua na wakaona njia ya kukiacha, wakiache. Daktari aliliandika kwa herufi zake kubwa, akanipa nimsomee na hilo. Kisha mgonjwa alichovya mwenyewe. Kidole chake kilikuwa bado chekundu cha hina, wino ukakaa juu yake mweusi, akakibonyeza kwenye karatasi kwa nguvu, akakishikilia pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sikumharakisha. Nilipotia saini yangu chini ilitoka saini mbaya sana.

Alipasuliwa Jumatatu. Mtu wa dawa ya usingizi alinung'unika juu ya kucha, akaamua kutazama midomo. Mimi nilikuwa kwenye vyombo vyangu, nikiosha kile ambacho nilikuwa nimekwishakiosha. Walikaa ndani muda mrefu. Alipotolewa, nilimwangalia Metroni usoni, na yeye, ambaye uso wake haukuwahi kusomwa na mtu, alinitikisia kichwa mara moja. Daktari alijaribu kukiacha. Haikuwezekana.

Jumanne alikuwa na homa na dawa, akilala na kuamka, na daktari alipopita hakuwa na akili ya kusikiliza. Jumatano alikuwa amekwishapata fahamu zake zote, na daktari alikuwa bado hajapita. Nilipoingia zamu ya mchana nilimkuta ameegemezwa mito miwili. Wifi yake alikuwa hapo tangu asubuhi, ameruhusiwa kwa huruma, ameshika bakuli na kijiko, na macho yamemvimba. Mumewe alikuwa ametoka kidogo nje. Sista wa wodi alikuwa akipita vitanda vya mbele.

Nilimtia kipimajoto kwapani, nikamshika mkono kuhesabu mapigo. Aliniacha nihesabu mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," alisema. "Kimetoka?"

Wifi aliniangalia kwa macho ya kunisihi. Kijiko kilikuwa hewani. Neno "utapona tu, inshallah" lilikuwa tayari ulimini mwangu, neno zuri, nimelisikia tangu utoto likiwatuliza watu.

"Kimetoka," nilisema. "Daktari alijaribu kama ulivyotaka. Haikuwezekana. Kimetoka chote."

Alifumba macho. Machozi yalimteremka pande zote mbili yakaingia kwenye mto, bila ya sauti, nami nikakaa na mkono wake mkononi mwangu ijapokuwa mapigo nilikwishayahesabu. Wifi aliweka bakuli chini. Kisha vidole vya mgonjwa vikaubana mkono wangu, akasema bila ya kufumbua macho:

"Ahsante. Tangu asubuhi nauliza, na kila nnayemuuliza ananambia ninywe uji."